Atakayeitia Diski ya Pili

Alhamisi, tarehe sita Februari, saa tatu na nusu asubuhi, kompyuta ya Maalim Sizya ilikataa kupokea neno jingine. Iliandika kwenye kioo kwamba diski imejaa. Maalim alikuwa akirekodi darsa, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Akachukua kalamu, akaandika karatasi, akaibandika ubavuni mwa kasha la kompyuta. Mkewe, Bi Kalunde, alipoingia na kikombe cha maji alimkuta ameinamisha kichwa mezani kama mtu aliyesujudu. Maji hayakunywewa.

Karatasi ilisema hivi: "Kompyuta hii ni ya atakayeitia diski ya pili. Huyo ndiye atakayetunza sauti yangu, peke yake. Isinakiliwe."

Alikuwa na sababu ya kukataza. Mwaka wa nyuma mtu mmoja alikata kipande cha darsa yake, akakisambaza kwenye simu za watu, ikawa kama Maalim amewatukana majirani. Aliyekata hakujulikana. Tangu hapo Maalim alisema sauti ni kama nguo ya ndani, haianikwi barabarani.

Sasa tulieni, niwaambie habari za watu watatu waliokuja katika nyumba ile ya Isevya, mjini Tabora. Hawakupendana hata kidogo, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Ustadhi Mfaume, aliyesomeshwa na Maalim tangu utotoni. Kipaji chake kilikuwa miguu. Kitu kikipotea, Mfaume hukitafuta mpaka kionekane. Wa pili alikuwa Hamdani, mume wa binti pekee wa Maalim, fundi wa redio na simu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Wa tatu alikuwa Bi Zaituni, jirani, mpiga chapa mstaafu aliyezoea kompyuta za ofisini. Kipaji chake kilikuwa macho, kwani hakuwahi kusoma mstari kwa haraka. Alikuwa hajamsalimia Bi Kalunde miaka miwili, kwa ajili ya mfereji wa maji machafu uliopita kati ya nyumba zao.

Bi Kalunde alikuwa katika eda. Hakutoka nje, na Ustadhi Mfaume alipokuja yeye alikaa chumbani, nyuma ya pazia. Kwa hiyo mengi ya mambo haya hakuyaona. Aliyasikia.

Alimsikia kwanza Hamdani. Hamdani aliiwasha kompyuta, akatega sikio.

"Mama, diski hii inakwaruza," alisema. "Inazunguka kama gurudumu lenye mchanga. Siku yoyote itasimama, na kila kitu kitakwenda nayo. Inatakiwa SSD, ile diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka. Tukiiongeza humu ndani, darsa zote zitahamia."

"Nani ataipata?" Bi Kalunde aliuliza.

"Mimi," akajibu Mfaume kutoka mlangoni. "Wewe fundi kaa na bisibisi yako."

Mfaume akazunguka maduka yote ya Tabora, asipate. Akaenda Mwanza. Akarudi na SSD nyembamba, fupi, akaiweka mezani kwa maringo.

Bi Kalunde alimsikia Hamdani akicheka. "Ustadhi, umeleta biskuti! Mashine hii ni ya zamani, haina mdomo wa kulia biskuti hiyo. Tunataka ile bapa, ya kuunga kwa waya."

"Ungesema mapema."

"Ungeuliza mapema. Au ulizoea kukata vipande tu?"

Bi Kalunde alilielewa tusi lile. Hamdani siku zote aliamini kwamba Mfaume ndiye aliyekata ile darsa. Mfaume alichukua diski yake, akaondoka, na siku ya tatu akarudi kutoka Mwanza na iliyo sawa, bapa kama daftari la mfukoni. Miguu ilikuwa imemvimba. Hata maji hakupewa anywe.

Zamu ya Hamdani ikafika. Aliuchomoa umeme. Akashika chuma cha kasha kwanza, ili umeme wa mwili wake usiiunguze diski. Bi Kalunde alisikia skrubu zikidondoka kwenye kisosi, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasikia pumzi ndefu.

"Waya wa umeme upo. Waya wa kupitishia habari haupo."

"Fundi gani huyo!" akasema Mfaume. "Mimi nimekwenda Mwanza mara mbili, wewe umeshindwa na waya?"

Hamdani alitazama mle ndani muda mrefu. Halafu akauchomoa waya wa mashine ya kusomea sidii, ambayo Maalim hakuitumia miaka mingi, akauchomeka kwenye diski mpya. Akaifunga diski mahali pake, akarudisha skrubu zote nne. Kidole kilichanika kwenye bati, damu ikadondoka sakafuni. Yeye pia hakuna aliyempa pole.

Wakawasha. Kompyuta ikaamka. Diski ya pili haikuonekana.

Hapo kelele zikaanza.

"Umenunua feki!"

"Umechomeka vibaya!"

"Mwizi wa sauti wewe!"

"Na wewe mkwe wa kuombea mirathi!"

Bi Kalunde alikaa nyuma ya pazia na tasbihi mkononi, akashindwa kuhesabu. Katikati ya kelele ukagongwa mlango wa uani. Alikuwa Bi Zaituni. Alipita mbele ya Bi Kalunde bila salamu, akaingia sebuleni.

"Nyie wanaume mnapiga kelele mpaka dari langu linatikisika. Miaka kumi na moja nimemsikiliza marehemu kupitia ukuta, hakuwahi kupaza sauti hivyo. Sogeeni."

Akavaa miwani. Akafungua ukurasa ambao kompyuta huorodhesha diski zake, akasoma taratibu.

"Ipo. Ni mpya, haijaandaliwa, ndiyo maana haina jina. Mtu mgeni akiingia nyumbani hamumpi hata mkeka, mnategemea akae wapi?"

"Basi iandae," alisema Hamdani. "Bonyeza hiyo ya chini, ya juu ni ile ya zamani. Hapana, ngoja. Imeandikwa moja. Ya zamani si ndiyo ya kwanza?"

"Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, mkwe. Sifuri ndiyo ya zamani, moja ndiyo ya pili. Ukisafisha sifuri, umemzika Maalim mara mbili."

Bi Kalunde alisikia kidole kikibonyeza mara moja. Kisha Bi Zaituni akasema, "Imeitika."

Kuhamisha kulichukua kutwa nzima. Bi Zaituni hakutoka kitini ila kwa swala. Diski ya zamani ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, naye kila iliposimama aliianzisha upya pale ilipoishia. Darsa ya mwisho ilipokwisha kuvuka, alijaribu kufungua zile za kwanza kwenye diski ya zamani. Hazikufunguka tena. Sauti ya Maalim sasa ilikuwa mahali pamoja tu duniani.

Akaifungulia ile ya mwisho. Ilikuwa ya tarehe sita Februari. Maalim alieleza subira, kwa sauti iliyochoka. Katikati ya maneno akanyamaza, akageuka, na kipaza sauti kikamchukua akiita, "Kalunde! Niletee maji." Hapo ikakatika, maana nafasi ilikwisha.

"Abee!" akaitika Bi Kalunde nyuma ya pazia. Alikwisha kusimama. Mkono wake ulikuwa umeshika pazia kabla hajakumbuka.

Watu watatu wale walinyamaza, kwa mara ya kwanza.

Hawakunyamaza sana. Sheikh wa msikiti alipoletewa karatasi alisema, "Mrithi haandikiwi wosia, na kati yenu hakuna mrithi, kwa hiyo wosia umesimama. Wa kumtaja huyo mmoja ni mjane. Aseme kabla ya Ijumaa." Wakarudi kugombania neno moja: atakayeitia.

Hamdani akasema, "Ni kutia. Atakaye-i-tia kompyuta diski. Nani aliyetia? Damu yangu bado iko sakafuni. Naichukua, nitaiweka dukani kwangu, kwenye kabati la chuma."

Mfaume akasema, "Ni kuitia. Mwenye shida huitia msaada, yaani huutafuta. Nani aliyeitia diski hii nchi nzima, duka kwa duka? Bila mimi ungetia kidole. Itakwenda madrasani, chini ya kufuli, na fundi hatakanyaga."

Bi Zaituni akavua miwani. "Ni kuitia, ndiyo, lakini aliyeitia ni aliyeitikiwa. Wewe ulileta kitu, na wewe ukakichomeka, na kompyuta haikukijua. Niliyeiita mpaka ikaitika ni mimi. Itakaa kwangu. Na huu mfereji utabaki ulipo."

Maalim aliandika tu, hakulieleza. Angelieleza, mkewe angejua. Kwenye karatasi herufi ni zile zile.

Bi Kalunde alibaki peke yake na kompyuta, siku ya Jumatano. Eda yake ilikuwa bado miezi mitatu. Ikienda dukani hawezi kuifuata. Ikienda madrasani hawezi kuifuata. Ikienda kwa Bi Zaituni, ataisikia kupitia ukuta, kutoka kwa mtu asiyemsalimia, kwa wakati atakaopenda yeye. Tena hakujua kama Mfaume ndiye aliyekata ile darsa. Hakujua kama Hamdani alimpenda Maalim au aliipenda kompyuta. Alijua jambo moja: bila mmoja yeyote wa hao watatu, asingeitwa tena kwa jina lake.

Akakitazama kile kikombe. Hakuwahi kukiondoa mezani.

Nanyi mliokaa hapa, wakubwa na watoto, Ijumaa ya Bi Kalunde naikabidhi kwenu. Yuko aliyeitafuta, yuko aliyeiingiza, yuko aliyeiita ikaitika. Marehemu amesema ni mmoja, peke yake. Mngekuwa nyinyi nyuma ya lile pazia, mngemtaja nani? Bishaneni, lakini msitukanane.

Na kabla hamjaanza kubishana, inueni mikono. Ewe Mola, Maalim Sizya aliomba maji, na maji yakachelewa. Mnyweshe Wewe. Lipanue kaburi lake, lisiwe na giza wala upweke, na umsamehe alilolisema na alilolinyamazia. Warehemu na wetu sote waliotuita siku ya mwisho tukachelewa kufika. Amina.