Matanga ya Mbuzi Makeke

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mbuzi!

Mbuzi wa nani?

Wa kwako, msimulizi!

Aa, wangu nilishamla. Huyu ni wa Bi Somoe. Sogeeni karibu, mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo watu walikuwa wachache na maneno yalikuwa mengi, palikuwa na mji ukiitwa Mtondooni. Katika mji huo alikaa mjane mmoja, msusi wa mikeka, ndiye Bi Somoe. Mumewe alikufa zamani. Alimlilia siku moja. Siku ya pili akafua mashuka. Msimlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Bi Somoe hakuwa na mtoto wala mjukuu. Alikuwa na mbuzi. Beberu, mweupe, ndevu hadi kifuani, jina lake Makeke. Alimpata mdogo, mama yake kasombwa na mafuriko, naye kaachwa juu ya kichuguu akilia mee, mee, mee. Bi Somoe akambeba kwa upande wa kanga. Akamlisha uji kwa kijiko. Akamlaza miguuni pake, kitandani, ndiyo, kitandani! Wewe unayekunja uso, hukuwapo.

Makeke akakua. Akawa mbuzi wa ajabu. Ajabu gani? Ajabu ya ubaya. Alikula ukili wa mikeka. Alikula mikeka yenyewe. Siku moja alikula mkeka ambao mgeni alikuwa ameukalia, akaanzia pembeni, mgeni akashtukia amekaa mchangani. Akiitwa haji. Akifukuzwa haendi. Akipigwa hupiga. Lakini Bi Somoe akikaa kusuka, Makeke hujilaza ubavuni pake, akacheua taratibu, na yule mama akamsimulia habari zake zote. Na Makeke akasikiliza. Mumewe, miaka ishirini, hakusikiliza hata moja.

Sasa, mji mzima ulikuwa ukimtazama Makeke. Ulimtazama kwa jicho gani? Kwa jicho la mchuzi.

Sikukuu ya kwanza ikafika. Jumbe wa mji, Mwinyimvua, akaja na fimbo yake. "Bi Somoe, mbuzi wako amenona. Mji unataka kitoweo."

"Bado mdogo, Jumbe. Ana mifupa mitupu."

Jumbe akaondoka. Sikukuu ya pili ikafika, akarudi. "Bi Somoe, mbuzi wako amekua."

"Ana mafua, Jumbe. Atawaambukiza."

Jumbe akaondoka. Sikukuu ya tatu ikafika, akarudi, mara hii na Songoro, mchinjaji wa mji, kisu kiunoni. "Bi Somoe, leo huna la kusema."

"Ninalo, Jumbe. Leo Makeke amefunga."

"Mbuzi amefunga?"

"Amefunga. Ana nadhiri."

"Mbona anatafuna?"

"Amesahau, Jumbe. Na aliyekula kwa kusahau, funga yake haikuharibika."

Watu wakacheka, Jumbe akaondoka kwa hasira. Basi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka, miaka kumi na miwili. Mji unasubiri, Makeke ananenepa, Bi Somoe anazua sababu.

Asubuhi moja Bi Somoe akapika uji. Akautia kwenye bakuli, akaita, "Makeke!" Kimya. Akaita tena, "Makeke we!" Kimya. Akaita mara ya tatu, "Makeke mwanangu!" Kimya.

Akaenda kumtazama. Alikuwa amelala pembeni mwa kitanda, kipande cha mkeka bado mdomoni. Amekufa akitafuna.

Bi Somoe akakaa chini. Akamtoa ule mkeka mdomoni. Akampangusa ndevu. Kisha, jamani, akapiga ukelele uliofika mwisho wa mji.

Watu wakaja mbio. Na wa kwanza kufika alikuwa nani? Songoro mchinjaji, kisu mkononi, anahema. "Amekufa, au anakufa? Kama anakufa, nipisheni! Tuwahi!"

Akamgusa Makeke shingoni. Wa baridi. Kisu kikamdondoka. "Kibudu," akasema. "Kafa bila kuchinjwa, haliwi." Akajishika kichwa, akaketi mlangoni, akalia.

Habari ikatoka nje. "Kibudu! Amekuwa kibudu!" Wanawake waliokuwa wameshasaga pilipili wakalia. Wanaume waliokuwa wameshagombea mapaja wakalia. Msiba ukawa mkubwa kweli kweli. Mmoja alimlilia rafiki yake. Mji mzima uliililia nyama.

Bi Somoe akasema, "Nitamzika nyuma ya nyumba. Nitamkalia matanga siku tatu."

Jumbe Mwinyimvua alikuwa amefika. Akagonga fimbo chini. "Matanga? Ya mbuzi? Umetunyima nyama miaka kumi na miwili, sasa unataka tukupe pole?"

"Ndiyo, Jumbe."

"Miji mingine itatucheka! Watasema Mtondooni watu wamekwisha, sasa wanazikana na mbuzi."

"Wacheke, Jumbe. Kicheko hakivunji mbavu za mtu."

Jumbe akaona anajibiwa mbele za watu. Akaingia kwake, na muda si muda la mgambo likalia. Na likilia la mgambo kuna jambo. Jambo lenyewe hili: "Tangu leo, katika mji wa Mtondooni, ni marufuku mtu kumlilia mnyama. Atakayemlilia mnyama, awe mkubwa, awe mdogo, awe nani, atakunja mkeka wake ahame mji!"

Bi Somoe angehamia wapi? Kwao walikwisha. Nyumba yake ndiyo hiyo, kaburi la Makeke ndilo hilo, nyuma ya nyumba, amelichimba kwa jembe la mkono siku nzima bila mtu kumsaidia. Basi akanyamaza.

Akanyamaza siku ya kwanza. Akapika uji wa watu wawili, akamwaga nusu. Akanyamaza siku ya pili. Akashuka kitandani kwa kuinua mguu juu, asimkanyage, kisha akakumbuka hapana wa kukanyagwa. Akanyamaza siku ya tatu. Chakula hakipiti. Kilio kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakitoki, hakishuki.

Siku ya nne akaamka na akili. Akachukua kikapu, akaenda sokoni, akarudi na vitunguu. Vitunguu vile vyekundu, vidogo, vyenye hasira. Akajaza sinia. Akaketi barazani, mbele ya njia, kila mtu anamwona. Akachukua kisu. Akakata cha kwanza. Akakata cha pili. Akakata cha tatu. Na machozi yakamwagika, mito miwili, huku akiimba:

*Makeke, Makeke, mla mikeka,*
*ukili nimesuka, wa kuula sina.*

Akapita jirani yake, Bi Mkejina, mdomo kama upatu. "Shoga! Unalia!"

"Silii, shoga. Ni vitunguu."

"Na huo wimbo?"

"Wimbo wa kukatia vitunguu."

Bi Mkejina akataka kucheka. Lakini alikuwa amesimama upande unakoendea upepo. Jicho likamwasha. Akaketi. Akachukua kisu, asaidie kidogo, umbea ukolee. Akakata kimoja, akakata viwili, na ghafla akaanza kulia, na hakulia kidogo.

"Nilikuwa na bata," akasema. "Alikuwa akinifuata mpaka kisimani. Shemeji zangu wakaja wageni, mume wangu akamchinja bila kuniuliza. Nikampika mwenyewe. Na paja nikala mimi!"

"Pole, shoga."

"Na alikuwa mtamu!" Akaangua kilio upya. "Hilo ndilo linaloniua! Alikuwa mtamu!"

Akapita Songoro mchinjaji. Akasimama. "Nyie! Mnalia!"

"Hatulii. Ni vitunguu."

"Kwa kukata vibaya," akasema Songoro, maana wachinjaji hawavumilii kuona kisu kikitumika ovyo. "Nipeni hapa." Akaketi. Akakata kimoja, akakata viwili, akakata vitatu, upesi upesi. Cha nne mkono ukasimama.

"Nilikuwa na ndama," akasema polepole. "Nilimlea mimi. Alikuwa akinilamba kichwa, hapa, nywele zikasimama. Baba yangu aliponifundisha kazi, akanipa kisu, akasema anza na huyo."

Bi Somoe akauliza, "Ukafanyaje?"

"Nikaanza na huyo." Akajifuta uso kwa nyuma ya mkono. "Wangapi nimechinja tangu hapo? Siwajui. Huyo namjua."

Hapo sasa barazani watu watatu wanalia, na wapita njia wanasimama, na kila anayesimama macho yanamwasha, na kila ambaye macho yanamwasha anakumbuka chake. Huyu kuku wake, yule punda wake, mwingine kasuku aliyekuwa akimtukana mama mkwe. Kilio kikapanda. Kikafika kwa Jumbe.

Jumbe akaja mbio, kilemba kimelegea. "Nini hiki? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Jumbe," akasema Bi Somoe. "Ni vitunguu."

"Mji mzima unakata vitunguu?"

"Ndiyo, Jumbe."

"Vya nini?"

"Vya pilau."

"Pilau ya nyama gani?"

Songoro akainua uso, akasema kwa uchungu, "Nyama ilikufa, Jumbe."

Jumbe akawa mkali. Akainama kwenye sinia achunguze kama vitunguu ni vitunguu. Ee wenzangu! Usiiname kwenye sinia la vitunguu kama una lako moyoni. Akainama mkali, akainuka mtu mwingine. Fimbo akaiegemeza ukutani. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, Jumbe mzima, chini.

"Nilikuwa na paka," akasema.

Watu wakasogea karibu.

"Kabla sijawa Jumbe. Alikuwa akilala tumboni kwangu. Waliponitawaza, wazee wakaniambia Jumbe hatembei na paka begani, si heshima. Nikamtia kwenye gunia nikamvusha mto, nikamwacha ng'ambo. Nilimbeba mwenyewe. Njia nzima alikuwa akikoroma kwa raha mle guniani. Alidhani tunasafiri pamoja."

Akalia mpaka kilemba kikaanguka, na hakuna aliyekiokota, maana kila mtu mikono yake ina vitunguu.

Bi Somoe akamwacha alie. Akamwacha hasa. Kisha akasema taratibu, "Pole, Jumbe. Kwa hiyo machozi hayo ni ya vitunguu?"

"Vitunguu gani! Namlilia paka wangu!"

"Wa kulia na wa kushoto, mmesikia?" Bi Somoe akawageukia watu.

"Tumesikia!"

"Anamlilia nani?"

"Paka!"

"Paka ni mtu?"

"Ni mnyama!"

"Basi, Jumbe," akasema Bi Somoe, akainuka, akachukua mkeka mpya kabisa, akauweka mbele yake. "Huu nakupa bure. Kunja, uhame mji."

Jumbe akautazama ule mkeka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na Jumbe alikuwa ameushika kwenye meno.

"Bi Somoe," akasema, "mimi nitakwenda wapi?"

"Hilo ndilo swali nililojiuliza mimi siku tatu."

Jumbe akainamisha kichwa. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiburi tu, na kiburi kikilowa hulainika. Akasema mbele ya wote, "Nimekosa. Sheria hiyo nimeifuta. Nikufanyie nini uniwie radhi?"

"Nataka matanga yangu. Siku tatu. Na wewe ndiye utakayesimama kumwelezea marehemu."

"Mimi? Nimwelezee mbuzi?"

"Au ukunje mkeka."

Basi wakaenda nyuma ya nyumba, mji mzima, macho mekundu. Jumbe akasimama mbele ya kaburi, akakohoa, akaanza.

"Makeke alikuwa mbuzi."

"Kweli," watu wakaitikia.

"Alikuwa mwizi."

"Kweli!"

"Alinipiga pembe makalioni siku ya harusi ya binti yangu, mbele ya wakwe, nikaangukia kwenye ubwabwa."

"Kweli tupu!"

Jumbe akamtazama Bi Somoe. "Lakini alikaa na mtu ambaye sisi wote tulimwacha peke yake. Miaka kumi na miwili. Kwa hilo, alitushinda."

Hapo hakuna aliyeitikia. Na Bi Somoe akalia, safari hii bila kisu, bila sinia, mikono mitupu. Bi Mkejina akamshika upande huu, Songoro akamshika upande ule, wakamwacha alie hadi mwiba ukatoka.

Wakakaa matanga siku tatu. Pilau ikapikwa, haina nyama, vitunguu vitupu. Ilikuwa mbaya. Wakaila yote. Siku ya tatu walipotawanyika, Jumbe akamletea mwanambuzi mweupe, mzuri, wa kuchukua nafasi ya yule.

Bi Somoe akamwangalia, akamkuna sikio, akamrudisha. "Ahsante, Jumbe. Mbuzi si kikombe, kwamba kimevunjika ununue kingine. Mrudishe kwa mama yake, bado ananyonya."

Kwa muda mrefu asubuhi zake zilikuwa nzito. Sitawadanganya. Lakini Bi Mkejina akazoea kuja kukaa barazani anaposuka, naye alikuwa akisema sana kuliko kusikiliza, lakini si haba, hakula mikeka.

Sikukuu ikafika. Songoro akachinja mbuzi wa mji, akapika mchuzi, akajaza bakuli, akampelekea Bi Somoe kwa mikono miwili. Akaliweka mbele yake, akasimama kando kwa wasiwasi.

Bi Somoe akalitazama bakuli. Akalitazama sana. Mvuke unapanda, bizari inanukia.

"Songoro."

"Naam, Bi Somoe."

"Huyu alikuwa na jina?"

"Hakuwa na jina, mama. Wallahi."

Bi Somoe akavuta bakuli karibu. "Basi niletee ndimu."

Na hapo hadithi yangu imefika mlangoni kwake, imevua viatu, imeingia ndani kulala. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, temeni, lakini si hapa uwanjani kwangu, nimeshafagia.