Ua Mrefu, Kisima Nje

Ua mrefu, kisima nje. Mlimsikia mjomba wenu akisema hivyo jana, alipoona jirani kafunga banda tupu kwa makufuli matatu na ng'ombe kalala barabarani, nanyi mkaangua kicheko. Msicheke upesi. Methali hii ilianza hivi, huko Songea, na aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa na cheko mdomoni.

Kitendawili! Ninaye mtoto wa karatasi, nisipomlisha kila mwaka anakufa. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekula mji wenu, na jibu ni hataza. Hataza ni cheti cha serikali kinachosema kifaa hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa. Lakini kila mwaka kina ada yake. Usipoilipa, cheti kinakufa, na kikishakufa hakifufuki. Kifaa kinakuwa cha kila mpita njia.

Basi Bi. Sabina Mapunda ndiye aliyekuwa mtunza hataza wa kiwanda cha Mzee Gama. Kiwanda kilitengeneza mashine za kupukuchua mahindi, na watu arobaini walikula kwa jasho lao humo. Mmoja wao alikuwa fundi Ndunguru. Mashine ya zamani ilikuwa imemkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Alipopona hakununa. Alikaa akawaza, akaona meno ya mashine yamekazwa mno, hayamhurumii mtu wala hindi. Akalitilia kila jino springi ndogo, likawa linarudi nyuma kidogo likikutana na kigumu. Tangu hapo punje zikatoka nzima, na wakulima wa mbegu wakaja kutoka mbali, maana punje iliyopasuka haioti.

Mzee Gama naye alikuwa na desturi yake. Hataza zilizobuniwa na watu wa ukoo wake alizitia kwenye fremu za kioo, akazitundika kwenye ukuta wa chumba cha kupokelea wageni. Zilikuwa thelathini. Ya springi, kwa kuwa ilibuniwa na fundi wa karakana, ililala kwenye faili.

Mwaka mmoja mvua ikagoma, mashine hazikununuliwa, na fedha za ada hazikutosha hataza zote. Sabina akazunguka siku tatu kwa wakulima akiwauliza wanapendea nini mashine ile. Wote jibu lao moja: haipasui punje. Akaandika orodha, akaipeleka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeleta?"

"Nimeleta. Tulipie hizi saba, springi ikiwa ya kwanza. Nyingine tuziache, fedha ibaki ya mishahara."

Mzee akasoma, uso ukabadilika. "Mfuniko umeuacha? Mfuniko wa mashine aliobuni marehemu kaka yangu!"

"Hatujautumia miaka minne, Mzee. Hata mwizi hautaki."

"Na kitu cha ukubwa wa kidole gumba ndicho unakiweka mbele?"

"Ndicho tunachouza. Kilichobaki ni chuma tu."

"Sabina, hataza ni ua, na sifa ya ua ni urefu. Wageni wa maonyesho ya Nanenane wakiingia hapa wahesabu fremu, wakute thelathini. Hiyo springi haiko ukutani. Nani atajua?"

Sabina alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na hakuwahi kumpinga Mzee mara mbili kwa jambo moja. Akasema, "Sawa, Mzee." Zikalipiwa za ukutani.

Sheria ilitoa miezi sita ya huruma kwa aliyechelewa. Mwezi wa pili wa huruma hiyo, wakati wa chai, Ndunguru akamsogelea.

"Dada Sabina, mwanangu yu hai?" Ndivyo alivyoiita hataza yake.

"Yu hai, kaka. Mzima kabisa."

"Mlisheni vizuri. Yule kanila vidole viwili!"

Akacheka, na Sabina akacheka naye, chai ikamshuka kama mchanga. Siku hiyohiyo akaenda kumwomba Mzee tena. Akamkuta juu ya kigoda anaifutia vumbi fremu ya mfuniko wa kaka yake, wageni wanapiga makofi. Mkono wa Sabina ukaishia kwenye kitasa. Akarudi mezani kwake, akajiambia kesho. Kesho zikapita mpaka mwezi wa sita wa huruma ukaisha, Ijumaa moja, kama Ijumaa nyingine yoyote.

Wakati wa mavuno zikaingia mashine za kampuni moja ya mbali, za bei nusu. Wakulima wa mbegu hawakuonekana tena. Wiki ya tatu Ndunguru akaingia ofisini, Mzee na Sabina wakiwapo, akaweka springi mezani.

"Hiyo si yetu?" Mzee akauliza.

"Nimeitoa kwenye mashine yao. Tazameni ilivyozungushwa. Ya kwangu niliizungushia kushoto kwa sababu mkono wa kulia hauwezi kushika waya. Wamenakili mpaka ulemavu wangu."

Mzee akasimama. "Tutawashtaki! Sabina, lete cheti."

Sabina hakuinuka. "Kilikufa Aprili, Mzee. Hatukukilipia."

Mtu angedhani Ndunguru atamgeukia Mzee. Hakumgeukia. Alimtazama Sabina.

"Uliniambia yu hai."

Ndunguru akainua macho ukutani, fremu thelathini zikimeta, hata moja haijapinda.

"Ua mrefu," akasema taratibu, "kisima nje."

Akaichukua springi yake, akatoka.

Kiwanda kilifungwa kabla ya msimu wa kupanda. Wale arobaini wakatawanyika, wengine kwenye mashamba ya watu, wengine hatukuwasikia tena. Vioo vya fremu viling'olewa vikawa vya madirisha. Ndunguru alikufa miaka mitatu baadaye, na katika miaka hiyo akikutana na Sabina njiani alivuka upande wa pili.

Sabina aliishi mpaka uzee. Vijana walipomuuliza msemo ule ulikotoka, hakumsingizia Mzee peke yake. Aliwasimulia habari ya chai, na ya kitasa cha mlango, kisha akamalizia.

"Mwenye ua hakukijua kisima, wanangu. Mimi nilikijua. Ua mrefu, kisima nje."