Mbano wa Wifi Mchangani

"Ukibanwa, mgonge aliyekubana." Huo msemo mmeudaka njiani, sasa mnataka kujua ulikotoka. Kaeni basi. Ulianzia hapahapa Kilosa, kwenye mchanga wa mto, na mwanamke aliyeuzaa nusura aupoteze mkono.

Jina lake Mwanaidi, fundi cherehani. Yeye na wifi yake, Chausiku, walikuwa wakijifunza mieleka kwa Mwalimu Ngalomba, kwenye ukumbi uliotandikwa magodoro ya turubai. Sheria ilikuwa moja: ukizidiwa, gonga chini mara mbili, mwenzio akuachie. Turubai lililia pa, pa, hata aliye nje alisikia.

Jumapili moja ukumbi ulichukuliwa na watu wa harusi, Mwalimu akawapeleka kwenye mto uliokauka. Akawapanga wawili wawili, Mwanaidi akaangukia kwa wifi yake. Moyo ukamlipuka. Mwezi mzima alikuwa akimsengenya Chausiku kwa majirani, kwa sababu alisikia kwamba gauni alilomshonea kwa mapenzi yote, wifi huyo aliliita "gunia lenye mikono". Mtaa mzima ulikijua kinyongo hicho isipokuwa Chausiku. Au ndivyo Mwanaidi alivyodhani.

Chausiku akamwangusha, akaukumbatia mkono wake wa kulia, akalala chali na kumpitishia miguu, mmoja kifuani, mwingine usoni. Kisha akainua kiuno polepole, na kiwiko cha Mwanaidi kikaanza kunyooka kupita mwisho wake.

Mwanaidi akagonga chini kwa mkono wa kushoto, mara mbili. Wifi hakuachia. Akagonga tena kwa nguvu, na kiuno kikazidi kupanda. Akataka kupiga kelele, lakini mguu ulimziba mdomo. Hapo hofu ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Wamemfikishia maneno yangu, akawaza. Ananivunja kwa makusudi. Akaiona cherehani yake imefunikwa kanga, naye amekaa kando na mkono uliokauka. Akamtafuta Mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa amewapa mgongo. Akawatazama wenzake, wao wakadhani anavumilia. Akaupiga mchanga, akaupiga, akaupiga. Kiwiko kikatoa mlio mdogo.

Hakubakiwa na wa kumwomba ila yuleyule anayemwogopa. Akaupeleka mkono kwenye paja la wifi yake, akaligonga.

Chausiku akaachia papo hapo.

"Wifi, umeumia? Mbona hukugonga mapema?"

"Nimegonga mpaka nimechoka."

"Umegonga wapi?"

Mwanaidi akaonyesha chini.

"Mchanga haulii, wifi yangu. Mimi nimelala natazama juu, nasubiri uniambie."

"Nilijua unanilipizia," Mwanaidi akasema, akaanza kulia.

"Nikulipizie nini?"

Ikabidi amweleze mwenyewe, kwa mara ya kwanza, habari ya gauni na ya maneno ya mwezi mzima. Chausiku akainama.

"Neno hilo nililisema kweli, wifi, nikajuta siku ileile. Ungenijia, ningekuomba radhi siku ya pili."

Mwalimu akakikagua kiwiko, akakikuta kizima. Akabadilisha sheria yake palepale, na mtaa ukaichukua mpaka leo.

Kwa hiyo wewe uliyekuja asubuhi kunishtakia ndugu yako, na jana, na juzi, nenda kwake. Mimi kwako ni mchanga tu. Ukibanwa, mgonge aliyekubana.