Matanga ya Mjomba Asiyekuwapo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, katika miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, wanyama walikuwa na mikeka na masufuria kama sisi, na kila mwaka walikusanyika uwandani kwa ngoma ya siku tatu.

Mwaka mmoja Pimbi alimbeba mama yake mgongoni kwenda ngomani. Bi Pimbi alibakiwa na sikio moja, nalo lilikuwa likififia. Alitaka asikie ngoma mara moja tu kabla halijazimika. Pimbi alikuwa amelipima: ngoma ikiwa hatua mia tatu, mama husikia, ikiwa mia tatu na kumi, hasikii kitu.

Walikuta uwanja umejaa.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Twaomba nafasi ya mkeka mmoja tu."

"Marahaba. Hapo ndipo ninapolaza mkonga. Nendeni ng'ambo ya mto, kuna nafasi tele."

"Ng'ambo ya mto ni hatua elfu mbili, mzee."

"Basi njia mnaijua."

Nje ya uwanja palikuwa na shamba la Nyati, hatua mia mbili na tisini kutoka ngomani. Nyati mwenyewe alisimama langoni.

"Shamba si kambi," alisema. "Tangu asubuhi nimefukuza swala kumi na wanne. Wewe hata kukufukuza ni kujichosha bure."

Pimbi akaketi, akafikiri. Wageni hufukuzwa. Wagonjwa hufukuzwa. Wafiwa hawafukuzwi. Akatandika mkeka pembeni mwa shamba, akajifunga kaniki, akaanza kulia, hii hii hii.

"Kuna nini tena?" Nyati aliuliza.

"Mjomba, Bwana Nyati. Jana alikuwa akija ngomani, akaanguka papa hapa, pu! Tumemzika kwetu miambani. Matanga huwekwa alipoangukia marehemu. Ndiyo desturi yetu."

"Pole sana, mwanangu. Siku ngapi?"

"Tatu."

"Basi hapana wa kuwagusa."

Nyati akaleta kuni. Tembo akaja na ukoo wake, wakaketi kwa adabu. Bi Pimbi, asiyesikia neno, alipoona vichwa vinainama mbele yake alidhani anaamkiwa, akamwitikia kila mmoja marahaba.

Alasiri, saa ya ngoma, Pimbi akaligeuza sikio la mama kuelekea uwanjani. Kimya.

"Mzee Tembo, mbona hawaanzi?"

Tembo alimtazama kwa huruma. "Ngoma ilie na msiba uko hapa? Tumezifunika mpaka muanue matanga, siku ya tatu. Siku hiyo kila mtu anarudi kwake."

Pimbi akahesabu kwa vidole. Akisema kweli, ngoma italia, nao watafukuzwa hadi ng'ambo ya mto. Asiposema, watabaki karibu na ngoma isiyolia. Alihesabu tena. Pande zote mbili jibu lilikuwa sufuri.

Mama akamgusa bega.

"Wote wametulia wanasikiliza," alisema. "Basi ni mimi. Sikio limekwisha. Usihuzunike, mwanangu, wewe ulinifikisha."

 Pimbi akalia, na safari hii yalimtoka machozi ya kweli. Nyati akamwonea huruma, akaongeza kuni.

Kwa hiyo, watoto wangu, kabla hamjasema uongo, hesabuni kwanza kile ambacho uongo huo utakizima.