Mtaje Bila Kumtaja

Kaeni, wapendwa. Wale wa nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi mtu. Leo sitapiga kelele, maana nimegundua nikipiga kelele ndipo mnapolala vizuri. Nitawapa mfano tu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa majokofu katika mji wa baridi kama huu wetu. Msicheke, hata kwenye baridi majokofu yanaharibika. Alikuwa mtu mzima, mpole, pombe hanywi, mke hapigi, sadaka anatoa. Ukimtazama utasema hapa hapana neno. Ila alikuwa na kazi ya pili, na kazi hiyo aliifanyia kiganjani. Alikuwa mwanachama wa grupu moja kubwa la mtandaoni, lenye watu wa kila mkoa, na shughuli yao ilikuwa moja: kutoa maoni. Bungeni kumesemwa nini, wao wanalo la kuongeza. Msanii kaachana na mkewe, wao ndio washenga na wasuluhishi. Nani kahama chama, nani kavaa nini kwenye tuzo, nani kaiba wimbo wa nani. Na humo ndani hakuwa fundi tena. Walimwita Jaji. Ubishi ukipamba moto, hakosi mtu wa kuandika, "Tumsubiri Jaji." Na Jaji anakuja. Aya tatu, hoja zimepangwa, mwisho hukumu. Watu wanammwagia makopakopa.

Je, kutoa maoni ni dhambi? Nani kasema? Mimi sijasema. Nchi ambayo watu wake hawana maoni ni zizi. Msinilishe maneno.

Grupu lile lilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi asubuhi mwanachama mmoja anaweka fumbo: anasimulia habari za mtu mashuhuri, mwanasiasa au msanii, bila kumtaja jina. Wengine wanakisia mchana kutwa. Ikifika saa kumi jioni, mwenye fumbo anatoa jibu. Mchezo huo waliuita Mtaje Bila Kumtaja.

Sasa, fundi alikuwa na mke. Tumwite Mama Atu, kwa jina la binti yao Atu, aliye shule ya bweni. Mama huyu naye alikuwa amejiunga na grupu lile, kwa jina la Asumini, na mumewe hakujua. Hakuingia kumpeleleza. Aliingia, kama alivyokuja kumwambia kaka yake, kwa sababu huko ndiko mumewe alikokuwa anaishi.

Jumamosi moja fumbo likawekwa na Asumini. Nawaambia mapema, sina haja ya kuwaficha: begi la Mama Atu lilikuwa limeshafungwa. Kaka yake alikuwa aje jioni na pikapu, ampeleke kwao. Lakini moyoni alikuwa amejiwekea sharti. Mume wangu akijitambua kabla ya saa kumi, begi nalifungua, kaka yangu anakunywa chai, anarudi zake.

Fumbo lenyewe liliandikwa hivi: "Huyu ni mtu mwenye jina, anasikilizwa na wengi. Mkewe alifiwa na dada yake. Siku ya kuzika, wanaume wenzake wanashika majembe, yeye yuko nyuma ya turubai anabishana na watu simuni. Mpaka leo hajamuuliza mkewe, 'Unaendeleaje?' Mke akanyoa nywele zote, bwana hajaona. Mke akaanza kumpikia mboga bila chumvi, ili angalau alalamikiwe. Bwana anakula, anamaliza, anashukuru. Mtajeni."

Mnacheka. Haya, chekeni, lakini sikilizeni watu walivyokisia. Wasiompenda mbunge fulani walisema ni yule mbunge, tena wakaleta picha. Wasiompenda mwanamuziki fulani wakasema ni yeye, tangu lini akawa na utu. Wa chama hiki wakamwona ni mtu wa chama kile, na wa chama kile wakarudisha. Kila mmoja alifungua fumbo akamkuta ndani yake mtu ambaye alikuwa hamtaki tangu mwaka juzi.

Na Jaji? Jaji alikuwa sebuleni, kwenye kochi, sahani ya ugali na mchicha iko mapajani. Mchicha hauna chumvi. Mkono wa kulia unakula, wa kushoto unaandika. Akaandika: "Wadau, msihangaike. Huyu ni yule mwanamuziki wa kampeni, na ushahidi ninao. Mwanaume anayekula mboga isiyo na chumvi bila kushtuka, huyo nyumbani hayupo, pale mezani limebaki shati tu. Na mama huyo namshauri kama kaka yake: ondoka. Usimuage. Asiyekuona ukiwepo, mwache akuone ukiwa haupo."

Maneno mazito hayo. Mimi mwenyewe mahubiri yangu hayajawahi kufika pale. Watu walishangilia, wengine wakayahamishia kwenye magrupu mengine.

Mama Atu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kilemba alikivua makusudi, kichwa kitupu. Simu yake iko mfukoni mwa aproni, na hukumu ameshaisoma. Akamuuliza:

"Baba Atu, unacheka nini peke yako?"

"Aa, kuna bwege mmoja huku, msanii. Mkewe kanyoa kipara, yeye hajaona! Hebu fikiria."

"Kweli mtu asione?"

"Wapo, Mama Atu. Wapo watu wa hivyo." Na macho hakuyainua.

"Na huyo mke, wewe umesemaje?"

"Aondoke. Nimeshamwambia."

"Bila kuzungumza na mumewe kwanza?"

"Azungumze naye mara ngapi? Huyo ni sikio la kufa. Hebu niongezee mchicha, leo umeupatia."

Jamani! Mama akamwongezea mchicha. Ndiyo, alimwongezea. Halafu akarudi jikoni, akafungulia maji ya bomba ili asisikike, akalia. Alilia sana, maana mpaka dakika ile alikuwa bado anamtaka yule mwanaume. Na maji kwa kweli hakuwa na haja ya kuyafungulia.

Saa kumi ikafika. Asumini akatoa jibu: "Wote mmekosa. Si mbunge, wala si mwanamuziki. Ni mume wangu. Humu mnamwita Jaji. Namshukuru kwa ushauri wake, nimeufuata."

Fundi akasoma. Akarudia kusoma. Akachovya kidole kwenye mchuzi uliobaki sahanini, akaonja. Kweli, hauna chumvi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Pikapu ya kaka yake Mama Atu ilikuwa imeshafika, na bado iko getini. Shemeji yake alikuwa anafunga begi kwa kamba huko nyuma, na mtu anayefunga begi moja kwa kamba kwa muda mrefu namna ile, mjue ameambiwa asiharakishe. Mama Atu alikuwa amekaa mbele, kioo amekishusha, kwenye baridi ile. Kakishusha kwa nini? Alikuwa anasubiri. Kutoka kochini mpaka getini, mtoto anayejifunza kutembea angefika.

Niambieni, fundi alifanya nini?

Namsikia dada mmoja hapa anasema alikimbia. Mungu akubariki dada yangu, una moyo mzuri. Hakukimbia. Aliandika.

Aliandika, "Wadau, kabla hamjahukumu, naomba na mimi nisikilizwe. Kila habari ina pande mbili." Akaeleza habari ya turubai, kwamba siku ile taifa lilikuwa kwenye jambo zito na lazima mtu asimamie ukweli. Akaeleza habari ya chumvi, kwamba daktari alishasema chumvi ipunguzwe. Aya tatu, hoja zimepangwa. Katikati akaona sentensi moja haina nguvu, akaifuta, akaiandika upya. Nje, injini ikawashwa. Akaisikia. Akaongeza kasi ya kuandika. Alipobonyeza kutuma, pikapu ilikuwa imeshakata kona pale kwenye duka la dawa.

Na utetezi wake ulikuwa mzuri, msifikiri. Watu waligawanyika kabisa. Nusu walisema mama amekosea kuanika mambo ya ndani, nusu walisema bwana ameyataka mwenyewe, na ubishi ulidumu mpaka wiki iliyofuata alipofumaniwa waziri mmoja, wakahamia huko. Mtu mmoja tu hakuusoma ule utetezi. Asumini alikuwa ameshajitoa kwenye grupu.

Haya. Sasa ni zamu yetu sisi.

Tangu nimeanza kusimulia, umemfikiria nani? Usinijibu, jibu moyoni. Mimi niko hapa juu, nawaona. Nimemwona mama mmoja akimgusa mwenzake kiwiko, na mwenzake akageuka kumtazama mtu wa benchi la tatu. Nimewaona wazee wawili wakitabasamu, na najua wanamtabasamia nani, maana hayupo leo kanisani. Vijana mmekisia wazee, wazee mmekisia vijana. Wanaume wengi mmesema, "Aisee, huyo ni shemeji yangu kabisa." Nimewawekea fumbo, na kanisa zima limeanza kumtaja mtu!

Kuna aliyejikisia mwenyewe?

Naona mnatazama viatu. Sawa.

Wapendwa, mimi sina ugomvi na simu. Mheshimiwa akikosea, semeni. Wimbo ukiwa mbaya, semeni pia, masikio ni yenu. Lakini tunawezaje kujua msanii wa mji mwingine amegombana na mkewe tangu lini, na hatujui aliyelala pembeni yetu amelia lini? Tunapata wapi huruma ya kumwandikia aya tatu mwanamke tusiyemjua, halafu huyu tunayemjua tunamwambia, "Niongezee mchicha"? Na tukikamatwa, mbona jambo la kwanza tunalotafuta ni watu wa kutuunga mkono? Fundi hakukosa kuambiwa. Aliambiwa, akaelewa, akasikia na injini. Hakwenda getini kwa sababu alitaka kwanza watu wasiomjua wamwone ana haki. Kuhukumiwa na hao kulimuuma zaidi kuliko kuachwa. Mimi nadhani hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote yangesameheka pale kwenye kioo kilichoshushwa.

Basi, tusimame tuombe. Ila ngojeni kidogo. Kuna mtu hapa amekuja na mwenzake, wamekaa benchi moja, na tangu asubuhi hawajasemezana. Wewe usianze kuomba na mimi. Usifumbe macho, usinyanyue mikono. Geuka kwanza, umuulize anaendeleaje, na usikilize mpaka amalize. Mungu tutaongea naye baadaye. Yeye atakusubiri. Huyo wa pembeni yako, sina hakika.