Kerezo la Mjane wa Wadi Sidri

Yamepokewa kutoka kwa watu waliokaa na wasafiri na kula nao chakula, na ajuaye zaidi ni Mola peke yake, ya kwamba mji wa Rasimani ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Mundhir, mfalme mwenye haiba na ukarimu, ambaye ngome zake zilizunguka bonde zima na hazina yake haikuwa na kifani, na pamoja na neema zote hizo hakuwa na mtoto. Kwani kila alipojifungua mkewe, Malkia Jalila, kichanga kilifariki kabla hakijapewa jina. Basi malkia aliposhika mimba tena, mnajimu wa kasri alizitazama nyota akasema kwamba mtoto huyu ataishi, ila kwa sharti moja: usingizi wake wa kwanza duniani aulale katika susu, kitanda cha kubembezea mtoto, ya msandali, iliyokerezwa kwa mkono wa binadamu, isiyo na msumari hata mmoja.

Kazi hiyo alipewa Idarusi bin Shamlani, mkereza pekee wa mji ule, mtu wa makamo asiye na mke, aliyeishi kwa kuizungusha miti katika kerezo lake na kuichonga kwa patasi huku ikizunguka, akitoa matendegu ya vitanda na shanga za tasbihi na bakuli za mti zilizosifiwa hadi nje ya mipaka. Sultani alimwonyesha gogo la msandali lililokuja kama hidaya kutoka nchi ya mbali, na hapakuwa na jingine mfano wake katika ufalme wote, kisha akaamuru lihifadhiwe kasrini mpaka siku ya kazi. Amri hiyo ndiyo iliyoliokoa, kwani siku chache baadaye moto ulizuka katika tanuri la mwoka mikate, ukaruka ukuta, ukaila karakana ya Idarusi kuanzia mlangoni hadi paani, na kerezo alilorithi kwa baba yake likawa majivu.

Idarusi alikwenda kasrini na masizi usoni, akaeleza yaliyomfika. Alitazamia ghadhabu, lakini Sultani hakughadhibika. Macho yake yakajaa machozi mbele ya mawaziri wake, na hilo lilimuumiza Idarusi kuliko ghadhabu yoyote. Kuunda kerezo jipya kulitaka mti uliokaushwa miaka mingi kivulini, na malkia alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu. Wakati huo mchuuzi mmoja wa ngamia akataja kwamba katika mji mdogo wa Wadi Sidri, mwendo wa siku kumi na mbili jangwani, kuna mjane anayeuza kerezo la marehemu mumewe. Idarusi hakungoja kusikia zaidi. Alichukua dinari alizokuwa akijiwekea kwa ajili ya kuoa, akakodi ngamia, akashika njia, na njia nzima akawa anahesabu siku za kwenda na siku za kurudi, na kila alivyozihesabu hazikutosha.

Alipofika Wadi Sidri aliulizia, akaelekezwa nyumba yenye ua uliofunguka barabarani, na humo akamkuta Bibi Mahfudha binti Rajihi, mwanamke mwenye uso mpole na sauti ya kuchoka, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha zamani na alitaka kuuza vilivyobaki ili amfuate kaka yake nchi nyingine. Juu ya dirisha alikaa kasuku wa kijivu. Bibi Mahfudha akafunua turubai, na Idarusi akaona kerezo ambalo hakupata kuona mfano wake: fremu ya mninga uliokomaa, mhimili ulionyooka kama mshale, vishikio vya shaba vilivyong'aa, na gurudumu kubwa la kuzungushwa kwa mguu. Aliomba kulijaribu, akafunga kipande cha kuni, akakanyaga, na maranda yakatoka marefu na laini kama utepe wa hariri. Moyo wake ukaruka kwa furaha, akajizuia isionekane usoni.

Akauliza bei. Bibi Mahfudha akasema dinari kumi, kisha akaingia ndani kumletea mgeni kahawa.

Alipotoweka tu, kasuku akashuka dirishani, akasimama juu ya gurudumu, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Lipa haraka uondoke. Hajui thamani yake. Huko kwenu lingeuzwa dinari thelathini, na wewe una karakana ya kujenga."

Idarusi alishtuka kwanza kwa ndege kusema hivyo, kisha akashtuka zaidi kwa kuwa alichokisema ndicho hasa alichokuwa akikiwaza yeye. Alizipapasa dinari zake mfukoni. Akafikiri juu ya kuta zake zilizoungua, na nyumba isiyo na mke, na kwamba hakumlazimisha mtu, bei kaitaja mwenyewe. Kisha akayatazama yale maranda ya hariri miguuni pake, akamfikiria marehemu aliyekitunza chombo chake namna ile asijue nani atakayekirithi, na fikira za mwanzo zikamtia haya.

Bibi Mahfudha aliporudi na kahawa, Idarusi akasema, "Bibi, sitalinunua kwa dinari kumi. Chombo hiki katika soko la Rasimani ni dinari thelathini, na mwenye nacho hangekubali kupunguza. Nakueleza ili ujue unachokiuza."

Mjane akakiweka kikombe chini. Akaivutavuta ncha ya ukaya uliomfunika kichwa, kisha akasema, "Bwana mkereza, umenifungulia kifua chako, nami sina budi kukufungulia changu. Mimi nililitaja kwa kumi kwa sababu nataka liondoke hapa. Wameshalinunua watu watatu. Wote walilijaribu kama ulivyolijaribu wewe, likaenda vizuri, na wote walipofika kwao likawapasulia miti yao vipande vipande. Walinirudishia, nikawarudishia fedha zao, na sasa mji mzima unaniita tapeli. Wa pili na wa tatu sikuwaambia habari za waliowatangulia. Nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa sina chakula."

Idarusi aliyasikia maneno hayo kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Gogo la msandali lilikuwa moja tu. Likipasuka, hakuna susu, na pasipo susu hakuna mtoto. Na akirudi mikono mitupu, mambo ni yale yale. Alilizunguka kerezo, akalikagua tena kila kiungo, akachungulia chini ya fremu, akagonga shaba kwa ukucha, na kasoro aliyoiona ilikuwa moja: ile ncha ya chuma inayoshika mti ilikuwa imelika upande. Kasoro hiyo peke yake haikutosha kupasua mti wa mtu.

"Sijui kinachowapasulia," alisema mwishowe. "Ninaogopa, na sikufichi. Lakini mikono yangu inaniambia chombo hiki ni kizima, na wewe umenieleza usilolazimika kunieleza. Tupunguze kwa ajili ya ile ncha iliyolika, na kwa ajili ya jina baya ulilolitaja, tuone tunafika wapi."

Wakaketi wakapatana, na mapatano yao yalikuwa ya ajabu, kwani mnunuzi alikuwa akipandisha na muuzaji akishusha, mpaka wakakutana kwenye dinari ishirini na mbili, bei ambayo kila mmoja aliiona nafsini mwake kuwa ni ya haki. Akaitwa jirani, fundi viatu, awe shahidi, na dinari zikahesabiwa mbele yake. Bibi Mahfudha akasema, "Nimekuuzia." Idarusi akasema, "Nimenunua."

Neno hilo halijakauka mdomoni, moshi wa samawati ukapanda kutoka kwenye mhimili wa kerezo, ukatanda hadi juu ya paa, ukajikusanya ukawa jini mwenye mabega mapana kama lango la ngome, na fundi viatu akatimua mbio akiacha ndara zake uani. Jini akainama mbele yao kwa adabu kubwa, akasema, "Amani iwe juu yenu, enyi wanadamu wawili mlionitoa kifungoni. Mimi ni Barkashi. Zamani nilinunua farasi wa yatima mmoja wa kijini, nikamwambia mnyama wake ni kiwete naye alikuwa mzima, na mfalme wetu akanifunga ndani ya mninga, na mninga ukakatwa ukafanywa kerezo hili. Hukumu yangu ilikuwa nikae humo mpaka liuzwe na kununuliwa kati ya watu wawili ambao hapana hata mmoja aliyemficha mwenzake. Marehemu wa nyumba hii alilirithi, hakulinunua, kwa hiyo nilimtumikia kwa utulivu. Lakini wale watatu walimsikiliza kasuku, wakamficha mjane thamani yake, na kila nilipoona nimeuzwa kwa hila na kifungo changu kinarefushwa, nilitetemeka kwa uchungu humo ndani, na mti wao ukapasuka."

Bibi Mahfudha akaanza kulia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu akaambiwa autue. Jini akamwambia kwamba yeye mwenyewe atakwenda kuwatembelea wale watatu na kuwaeleza ukweli mbele ya majirani zao, na kwa jinsi alivyokuwa ameumbwa, hapakuwa na shaka kwamba watamsadiki.

Kisha akamgeukia Idarusi, akamwambia aombe atakacho, dhahabu au kasri au ufalme. Idarusi akajibu, "Ewe Barkashi, kuna mtoto anangojewa. Nifikishe Rasimani pamoja na kerezo langu, sina haja iliyo kubwa kuliko hiyo." Jini akamnyanyua kiganjani yeye na kerezo lake, na kufumba na kufumbua Idarusi akajikuta amesimama katika ua wa kasri la Rasimani, nguo zake zingali na vumbi la Wadi Sidri, na walinzi wanamkodolea macho.

Hakupumzika. Alifua ncha mpya ya chuma, akalifunga gogo la msandali, akaweka mguu kwenye gurudumu, na patasi ikagusa mti kwa mara ya kwanza. Likasikika vumi laini, na harufu ya msandali ikajaa uani, na utepe wa kwanza ukaanguka bila mkwaruzo. Hapo ndipo alipovuta pumzi aliyokuwa hakuivuta sawasawa tangu siku ya moto. Akakereza nguzo na vishikio na fito, akaviunganisha kwa kuchomeka ndimi za mti matunduni bila msumari, na alipokuwa anapitisha nta ya mwisho, vijakazi wakaja mbio kumwambia kwamba malkia ameshikwa na uchungu.

Akazaliwa mtoto wa kike. Alikuwa mdogo, na kilio chake kilikuwa hafifu, na watu wote chumbani wakatazamana. Sultani akampokea kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza katika susu, akaitikisa polepole, kisha akapiga magoti akatega sikio kwenye kifua chake. Mtoto akapiga chafya, akageuza uso, akalala, na asubuhi aliamka akidai maziwa kwa sauti iliyosikika hadi langoni. Sultani aliketi sakafuni, mfalme mzima na kilemba chake, akacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kumwinua wala aliyetaka kumwinua.

Idarusi alijengewa karakana mpya mbele ya msikiti, akapewa dhahabu na joho la heshima, na kitu cha kwanza alichokifanya kwa mali ile ni kutuma msafara Wadi Sidri, na posa kwa adabu zake zote. Bibi Mahfudha alijibu kwamba habari za jini zimefika, majirani wamekuja kumwomba radhi, na yeye sasa hana sababu ya kuikimbia nchi. Lakini sababu ya kwenda Rasimani anayo. Kaka yake akaja kumwozesha, ndoa ikafungwa kasrini, na malkia mwenyewe akamvisha bibi harusi mkufu wa lulu.

Wakaishi kwa raha, na kerezo likaendelea kuzunguka kwa miaka mingi likiwa chombo kitupu, mti na shaba na ustadi wa mikono. Na mafunzo ya habari hii ni kwamba anayenunua kitu cha mwenzake na anunue kwa namna ambayo akipita tena mtaa ule ataweza kugonga mlango huo huo na kukaribishwa ndani. Hapo ndipo ilipoishia habari tuliyoipokea, na rehema ziwe juu ya waliotutangulia kuisimulia.