Kinyonga Hapigiwi Honi

Kinyonga hapigiwi honi. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo huyo wa bodaboda anayempigia kelele hapo nje, na yeye bado anafunga mtandio. Mkacheka. Haya, wekeni simu chini, niwaambie neno hili lilitokea wapi.

Vuai alikuwa kijana wa mbio, chai anainywa amesimama. Siku yake ya kwanza ya kutembeza wageni, bosi alimpa karatasi yenye sehemu saba: viungo, kasa, pango, msitu, vipepeo, mikoko, ufukwe. Akamwambia, "Meli inaondoka saa kumi na moja jioni. Wakikosa hata sehemu moja, kesho usije."

Wageni wenyewe walikuwa mume na mke, watu wa Machakos. Mzee Mutinda alikuwa fundi wa reli. Mkewe, Mama Syokau, alifundisha sayansi miaka thelathini, na ukutani darasani alibandika picha ya kima punju, yule kima mwenye mgongo mwekundu ambaye kwao ni Unguja tu. Kila mwaka watoto humuuliza, "Mwalimu, wewe umemwona?" Kila mwaka anajibu, bado. Alipostaafu, wanawe wakawakatia tiketi za meli.

Alipopanda gari tu akasema, "Kijana, hayo mengine ni mboga. Ugali wangu ni kima."

"Sawa, mama," Vuai akasema, akakanyaga mafuta.

Viungo walivionja wakitembea. Kwa kasa, Mzee Mutinda alikuwa bado anatafuta miwani akaambiwa muda umekwisha. "Kati yangu na huyo kasa," akauliza, "nani alikuwa polepole?" Pango waliingia na kutoka. Msituni Vuai alitangulia akipiga makofi, "Twende, twende," nao wakaona matawi yanatikisika tu. Kima wote walishakimbia. Dakika kumi na tano, wakarudi garini. Mama Syokau hakununa. Aligeuza shingo akaendelea kuutazama msitu dirishani, na huko kutazama kukamchoma Vuai kuliko kutukanwa.

Walikuwa kwenye njia nyembamba ya kifusi, kandokando ya msitu, huku mti huku shimo, Vuai akamwona kinyonga katikati. Anainua mguu, anaupeleka mbele, anaurudisha, kama mtu anayeonja maji ya kuoga. Vuai akapiga honi. Kinyonga akasimama. Akapiga ya pili, ndefu. Kinyonga akavimba, akaganda, jicho moja kwa Vuai, jingine kwa mambo yake.

"Si umtoe," Mzee Mutinda akasema.

"Simshiki, mzee. Mtoe wewe."

"Nimelala chini ya mabehewa mimi. Lakini huyo hapana."

Mama Syokau akacheka, mara ya kwanza tangu msituni. "Wanaume wawili wazima. Mimi simwogopi, lakini njia ni yake. Zima gari."

Vuai akatazama saa, akatazama karatasi, akazima.

Nyuma yao akaja bibi mmoja, Bi Mize, na ndoo ya makaa kichwani. "Unampigia nani kelele, mwanangu?"

"Kinyonga, bibi."

"Kinyonga hapigiwi honi. Alikuwa kabakisha hatua nne. Sasa umemfanya aanze kufikiri upya." Akatua ndoo, akakaa kwenye jiwe.

Wakangoja. Pakawa kimya mpaka unasikia majani. Kisha mkono mweusi ukashuka kutoka mtini, ukaingia ndooni, ukatoka na kipande cha mkaa. Kima punju, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akaketi njiani akatafuna kama kashata. Akashuka mwingine. Wakafika tisa.

"Wezi wangu hao," Bi Mize akanong'ona. "Makaa yanawatuliza tumbo."

Mama Syokau alishuka garini taratibu, akachuchumaa, machozi yanamtoka na meno yote nje. "Nimekuona," akamwambia yule mama kima. "Sasa nimekuona."

Hata Vuai, aliyezaliwa jirani na msitu ule, hakuwahi kuwaangalia hivyo. Alipomkumbuka kinyonga, kinyonga alishavuka zamani. Hakuna aliyemwona akipita.

Vipepeo, mikoko na ufukwe wakaviacha; bandarini walifika saa kumi na nusu. Bosi akawauliza wageni, "Mmeona zote saba?"

"Tumeona moja," Mama Syokau akasema.

Bosi akamgeukia Vuai.

"Na kesho mpe huyu wageni wengine," Mama Syokau akaendelea. "Anajua kuzima gari."

"Na mimi kasa nilimwona mkia," Mzee Mutinda akaongeza. Bosi akacheka, akaikunja karatasi yake.

Vuai akabaki kazini, na neno la Bi Mize akalisambaza kwa madereva wote, mpaka likafika kwa bibi yenu. Haya, mmoja wenu atoke akamwambie huyo wa bodaboda azime pikipiki. Bibi alikuwa kabakisha kiatu kimoja. Kwa honi ile ya mwisho, kakivua hata kile alichokuwa kavaa. Kinyonga hapigiwi honi.